Ukurasa Usiochanika: Historia ya Karatasi ya Kielektroniki Ikitazamwa Kutoka Tunduma

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kugombana juu ya fani na maudhui. Wapo wanaosema fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo. Wapo wanaowacheka hao na kusema hapana, hizo ni sura mbili za sarafu moja. Ugomvi huu umekula wino mwingi, na mwandishi wa makala haya naye aliwahi kuujibia mtihani. Lakini kuna kitu ambacho pande zote mbili hukipita kama vile hawakioni, nacho ni ule uso ambao maandishi yamelazwa juu yake. Ngozi, karatasi, kioo. Tunaihakiki riwaya kana kwamba inaelea hewani!

Makala haya yana nia ya kuutazama uso huo kihistoria, hasa ule uliokuja karibuni, yaani karatasi ya kielektroniki. Kifaa kinachoibeba karatasi hiyo tutakiita kisomeo. Tutaeleza kilivyozaliwa, kinavyofanya kazi, na kipi kinapishana vipi na kingine. Lakini swali lililo nyuma ya yote hayo ni lile la zamani katika uhakiki wetu: nani mwenye mali? Nalo tutalitazama kutoka Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Kwanza kwa sababu ndiko kwetu. Pili kwa sababu mji ule unaijua vizuri tofauti kati ya kitu kupita na kitu kubaki. Malori yanapita pale kila siku kwenda Zambia na Kongo, na mengi ya yaliyomo ndani wenyeji hatuyaoni.

Karatasi ilivyofika kwetu

Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mbeya mwaka 2016, lakini ukurasa wenyewe ulifika zamani. Wamishonari wa Kimoravian walifungua kituo Mbozi mwaka 1899. Mmoja wao, Traugott Bachmann, alijifunza Kinyiha na kutafsiri Agano Jipya, ambalo lilichapwa mwaka 1913. Upande wa pili wa mpaka, Mwenzo, karibu na Nakonde ya leo, shule za misheni ya Livingstonia zilikuwa zimeshatoa walimu na makarani. Mwaka 1912 baadhi yao, akiwamo Donald Siwale, waliunda chama cha kutetea maslahi ya wenyeji, ambacho wanahistoria wa Zambia hukihesabu miongoni mwa mizizi ya siasa za nchi ile.

Tunajifunza nini hapo? Karatasi ilikuja na mwenyewe. Mwenye mtambo wa kuchapa ndiye aliyeamua watu wasome nini. Ila ikishafika mkononi mwa msomaji, ilimponyoka mwenye mtambo. Kitabu kiliazimwa, kikasomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, kikashonwa upya kwa uzi wa gunia. Gazeti la mwaka juzi lilibandikwa ukutani na mtoto akajifunzia herufi palepale. Hakuna aliyepiga hodi kuja kudai gazeti lake. Huu ndio uhuru wa karatasi ambao hatuuoni kwa sababu tumeuzoea mno.

Kisha ikaja kampeni ya kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia 1975 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39, na kufikia 1986 walikuwa asilimia 9.6 tu. Kazi kubwa mno! Na katika miaka ya katikati ya 1980 kiwanda cha karatasi cha Mgololo, huko Mufindi, kilianza kuzalisha, kikilishwa na misonobari ya Sao Hill, kando ya reli ileile ya TAZARA inayokuja mpaka Tunduma. Mtu angedhani mambo yamekamilika: wasomaji wapo, miti ipo, kiwanda kipo, reli ipo.

Mambo hayakuwa hivyo. Miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya uhaba. Fedha za kigeni hazikuwapo, mashirika ya umma ya uchapishaji na usambazaji yakalemewa na madeni, maduka ya vitabu mikoani yakageuka ya daftari na kalamu. Kiwanda chenyewe kilisimama miaka ya 1990 na kuuzwa kwa mwekezaji mwaka 2004. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulijitahidi, kwa kuwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala zao itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Lakini mtu mzima aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40 kule Kamsamba au Ileje alibaki na daftari lake la kisomo na kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Wakati wasomaji walipokuwa wengi kuliko wakati wowote, kurasa ndipo zilipoadimika. Shimo hilo halijazibwa mpaka leo, na kila chombo kipya cha kusomea kinapaswa kupimwa kwa shimo hilo, siyo kwa matangazo ya duka.

Wanafunzi wawili wa Massachusetts

Wazo la karatasi inayojifuta na kujiandika upya lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaosoma gazeti hili. Miaka ya 1970 Nicholas Sheridon, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko California, alitengeneza karatasi yenye vijipira vidogo, nusu vyeupe na nusu vyeusi, ambavyo umeme uliweza kuvigeuza. Kampuni haikuona haraka ya kuiendeleza. Kwa kweli kampuni inayoishi kwa kuuza mashine za kunakili karatasi ingekuwa na haraka gani?

Miaka ishirini baadaye, katika chuo cha MIT, Joseph Jacobson aliutaka tena ukurasa huo. Aliwapa kazi wanafunzi wawili, Barrett Comiskey na J. D. Albert. Hapa ndugu msomaji tunaomba usimame kidogo, maana hawa hawakuwa madaktari wa falsafa. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama mimi na wewe, wanaohangaika na mitihani. Mwaka 1997 kampuni ya E Ink ilianzishwa, na mwaka 1998 matokeo ya kazi yao yalichapishwa katika jarida la Nature. Tofauti ya wao na sisi haiko kwenye akili. Wao walikuwa na maabara, na maabara ilikuwa na mtu wa kuilipia.

Kisomeo cha kwanza kilichouzwa kikiwa na karatasi ya aina hii kilikuwa Librié cha Sony, kilichotoka Japani mwaka 2004. Uso wake ulikuwa wa inchi 6, wenye nukta 800 kwa 600. Novemba 2007 Amazon wakatoa Kindle kwa dola 399, na chote kilichokuwapo kikaisha kwa saa chache. Nook cha Barnes & Noble kilifuata 2009, na Kobo cha Kanada 2010. Sony wenyewe, waliotangulia, waliacha biashara hiyo mwaka 2014.

Chembe nyeupe na chembe nyeusi

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, maana wahakiki wengi hukimbia hapa.

Kioo cha simu, au cha kishikwambi, mara nyingi kina taa nyuma yake. Mwanga unatoka ndani, unapenya rangi, unakupiga machoni. Jua la saa saba mchana linapokishukia kioo hicho, taa inashindwa. Ndiyo maana pale foleni ya mpakani utamwona dereva ameifunika simu kwa kofia ili asome ujumbe. Karatasi ya kielektroniki haina taa ya nyuma. Inafanya kama karatasi ya kawaida, yaani inarudisha mwanga unaoikuta. Jua likizidi, maandishi yanazidi kuonekana. Visomeo vya sasa vina taa, lakini hiyo inamulika kutoka pembeni kwa mbele, kama kibatari kilichowekwa juu ya meza, na unaweza kuizima.

Ndani ya uso huo kuna vifuko vidogo mno, upana wake unakaribia wa unywele. Kila kifuko kina majimaji maangavu, na ndani ya majimaji zinaogelea chembe za rangi mbili. Nyeupe zimetengenezwa kwa titani dayoksaidi, poda ileile inayotumika katika rangi nyeupe ya ukutani, nazo zina chaji chanya. Nyeusi zina chaji hasi. Chini ya vifuko umetandazwa wavu wa swichi. Swichi ikiwa chanya inazisukuma nyeupe juu na kuzivuta nyeusi chini, basi hapo pataonekana peupe. Ikigeuzwa, panakuwa peusi. Herufi *a* unayoisoma ni kundi la chembe nyeusi zilizopanda juu kwa amri.

Jambo la ajabu ni linalofuata. Umeme ukikatwa, chembe hazirudi. Zinabaki palepale. Kisomeo kinakula umeme kinapofungua ukurasa mpya, siyo unapousoma, na kwa hiyo chaji moja inaweza kukaa wiki kadhaa. Mtu anayeishi kijiji kisicho na nguzo ya umeme, anayepeleka simu yake kuchajiwa dukani kwa malipo, haitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo mara mbili.

Kasoro zipo. Chembe zinaogelea polepole, kwa hiyo picha za sinema hazifai. Wakati mwingine ukurasa uliopita unaacha kivuli chake, na kifaa kinalazimika kumweka cheusi mara moja ili kujisafisha. Rangi ilichelewa sana. Mpaka leo aina nyingi za rangi zinapatikana kwa kuweka chujio juu ya chembe hizohizo nyeusi na nyeupe, na chujio linakula mwanga na kupunguza ukali wa maandishi. Katika visomeo vingi vya sasa maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi, ya rangi 150.

Kipi kinapishana na kipi

Rafiki zetu wakisikia tunaandika habari hizi huuliza: haya, ninunue kipi? Jibu linaudhi kidogo. Ukitazama uso tu, vimekaribia kuwa kitu kimoja. Mwaka 2009 kampuni ya Taiwan iitwayo Prime View International iliinunua E Ink na baadaye kulichukua jina lake, na nyuso za Kindle, za Kobo na za PocketBook zinatoka huko. Kuna vizazi vya uso huo. Pearl ilikuja 2010, Carta ikaja 2013 na kuongeza weusi wa wino. Mwenye kisomeo cha zamani cha mtumba akikilinganisha na cha sasa ataona weupe wa zamani unaelekea kijivu, kama karatasi ya gazeti. Kinasomeka vizuri tu.

Tofauti ya kweli iko mlangoni. Kobo na PocketBook vinafungua moja kwa moja vitabu vya muundo wa EPUB, ambao ndio unaotumiwa na wachapishaji wengi duniani. Kindle kilijengwa kwa muundo wake chenyewe. Tangu 2022 unaweza kukipelekea EPUB, lakini kwa kuipitisha kwenye mitambo ya Amazon ili igeuzwe. Kwa maneno mengine, mmoja amekuuzia nyumba, mwingine amekukaribisha sebuleni kwake.

Na kwa mwanafunzi wa Kitanzania kuna la ziada. Maandishi yetu mengi yanazunguka kwa PDF: tasnifu, makala, kurasa za riwaya zilizopigwa picha na kutumwa kwa simu. PDF ni picha ya ukurasa mkubwa. Ukiiingiza kwenye uso wa inchi 6 herufi zinakuwa kama sisimizi, na kuikuza ni kusukuma huku na huku kwa mwendo wa chembe zile za polepole. EPUB hujipanga upya kulingana na uso na ukubwa wa herufi unaoutaka. Kwa hiyo kabla hujauliza kisomeo kipi, uliza kwanza vitabu vya Kiswahili unavyovitaka vimo katika muundo gani. Wengi wataona kwamba havimo kabisa. Hapo hakuna cha Kindle wala cha Kobo, vyote ni sahani tupu.

Shamba la Wanyama na usiku wa Julai

Tuliuliza nani mwenye mali. Historia ya kisomeo imelijibu swali hilo mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Vitabu vilivyouzwa kwa ajili ya Librié ya mwaka 2004 vilikuwa vikijifunga baada ya siku 60. Mnunuzi alilipa, akasoma, muda ukaisha, ukurasa ukakataa. Wajapani wengi hawakufurahi, na kifaa hakikuvuma.

Kisha Julai 2009. Ilibainika kwamba aliyeweka nakala fulani za George Orwell katika duka la Amazon hakuwa na haki ya kuziuza Marekani. Amazon wakaziondoa, siyo dukani tu, bali ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia, na kuwarudishia fedha. Vitabu vyenyewe vilikuwa *1984* na *Animal Farm*. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alieleza kwamba maelezo aliyokuwa ameyaandika kwa ajili ya kazi ya darasani yalipoteza maana, kwa sababu kitabu yalichokihusu kilikuwa hakipo tena. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani, na shauri likamalizwa kwa makubaliano.

Wasomaji wa Kiswahili *Animal Farm* tunaifahamu kama *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Nakala za tafsiri hiyo zilipita mikono mingi. Zipo zilizopoteza jalada, zipo zenye majina ya wanafunzi wanne watano kwenye ukurasa wa mwanzo, kila mmoja amemkata aliyemtangulia. Hakuna mchapishaji ambaye angeweza kuamka usiku na kuzivuta kutoka masandukuni. Wapo watakaosema tunakuza jambo, eti ni tukio la mara moja. Lakini Februari 2025 Amazon waliondoa njia iliyowawezesha wanunuzi kupakua vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Mlango umebaki upande mmoja.

Sisi wahakiki jambo hili linatugusa zaidi. Kazi yetu inaanzia pembeni mwa ukurasa, pale tunapopiga mstari na kuandika "siyo kweli!" Kama pembe ya ukurasa ni ya kampuni, basi hata ugomvi wetu na mwandishi tumeazimwa.

Vilipofika Afrika

Shirika la Worldreader lilianza mwaka 2010 kupeleka visomeo katika shule za Ghana, kisha Kenya, kwa kuanzia Kilgoris katika nchi ya Wamaasai, na baadaye katika maktaba za umma za Kenya. Wazo lilikuwa jema: badala ya lori la vitabu, kifaa kimoja chenye vitabu mia. Watoto walisoma zaidi, na wachapishaji wa Afrika Mashariki walishawishiwa kuvitoa vitabu vyao kwa njia hiyo. Lakini katika jaribio la Ghana karibu viwili katika kila visomeo vitano viliharibika. Karatasi ile haichaniki, ila mgongo wake ni wa kioo chembamba, na kioo kikikaliwa kinapasuka. Polepole uzito wa shughuli ulihamia kwenye simu, ambazo watu walikuwa nazo tayari.

Kwetu kilichofika ni kishikwambi. Mashindano ya kimataifa yaliyofanyiwa majaribio katika vijiji vya Tanga kati ya 2017 na 2019 yalitumia vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na programu za walioshinda zikaachwa wazi ili yeyote azinakili. Sensa ya Agosti 2022 nayo ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Ni jambo jema. Lakini ni kioo cha taa ya nyuma, kinachodai chaji kila siku na kivuli kila mchana. Kwa jua letu na kwa umeme wetu, chombo kilichofaa zaidi ndicho ambacho hakikuja. Na kama kingekuja jinsi kilivyo, kingekuja na mlango wa mtu mwingine na sahani tupu.

Msimamo wetu ni kwamba hatuna ugomvi na chembe nyeupe na nyeusi. Tunagombea mkataba. Mradi wa African Storybook, ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, unatoa hadithi za watoto, za Kiswahili zikiwamo, kwa ruhusa ya wazi: zinakilike, zichapwe, zitafsiriwe. Idara zetu za Kiswahili zina tasnifu na miswada iliyolala makabatini. Kuigeuza kuwa EPUB kunahitaji kompyuta moja na mtu mwenye subira. Hata Kindle kikongwe cha mtumba kingepata cha kula.

Mwandishi wa makala haya alikuwa na kisomeo kimoja, cha kupewa na ndugu aliye ughaibuni. Likizo iliyopita alikiweka kwenye begi, begi likawekwa chini ya gunia la mchele ndani ya basi la kwenda Tunduma. Tulipofika, kioo kilikuwa kimepasuka kwa ndani. Fundi simu wa jirani na stendi alikifungua, akakigeuza, akasema, "Mdogo wangu, betri nzima, bodi nzima. Kioo hiki sijawahi kukiona." Kobo wameanza tangu 2024 kutoa vipuri na maelekezo ya kujitengenezea, lakini cha kwetu hakikuwa Kobo, na hapo si Kanada.

Nusu ya chini imekuwa mistari mitupu. Nusu ya juu chembe zimeganda zilipokuwa, aya mbili na robo za hadithi niliyokuwa nikiisoma kabla ya Makambako. Hakijachajiwa tangu Desemba. Bibi yangu, aliyepata cheti chake cha kisomo miaka ya sabini, amekiegemeza dirishani, na asubuhi jua likiingia huzisoma zile aya mbili kwa sauti, kisha huniuliza yule mtu alifika au hakufika.